Kuutayarisha mtaa na nyumba kabla ya masika

Katika mitaa ya nje ya mji wa Zanzibar, kama vile Tomondo, Fuoni na Mwanakwerekwe, nyumba zimekaribiana sana, na mara nyingi maji yanayoshuka kwenye bati la mtu huingia uani kwa jirani kabla hayajafika mtaroni. Kwa hivyo mwenye nyumba anayetengeneza paa lake na kuinua kizingiti chake, huku mtaro wa mtaa ukiwa umeziba, atakuwa amepoteza fedha zake. Matayarisho yaanzie chini, pale maji ya mtaa mzima yanapoishia, kisha yapande hadi kwenye nyumba moja moja.

Masika huanza kwa kawaida katikati ya Machi na kuendelea hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye mvua nyingi zaidi. Kazi zote nzito zinapaswa kumalizika wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu na mafundi wakipatikana kwa urahisi. Aidha, mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na si uungwana kuwaita watu wachimbe mtaro juani nao wamefunga. Kikao cha mtaa kifanyike mapema Januari na uzibuaji umalizike kabla ya mwezi kuandama.

Sheha, yaani kiongozi wa serikali katika eneo, aarifiwe kabla ya kikao, wala asingojwe hadi mtaa ujae maji ndipo aitwe. Mtaro mdogo wa uchochoroni unaweza kuzibuliwa na wakazi wenyewe, lakini mtaro mkubwa unaopokea maji ya mitaa kadhaa ni kazi ya Baraza la Manispaa linalohusika, liwe la Mjini, la Magharibi A au la Magharibi B, na barua inayopitia kwa sheha, ikitaja mahali hasa palipoziba na kuambatanishwa na picha, hufuatiliwa kwa urahisi kuliko malalamiko ya mdomo.

Baada ya kikao, watu watatu au wanne wa kamati ya mtaa waufuate mtaro kwa miguu kuanzia mwisho wake. Waangalie kuta za nyumba zilizo bondeni, kwa sababu maji ya mwaka uliopita huacha mstari wa rangi ya udongo ukutani, na mstari huo ni ushahidi usiobishika wa kina cha maji hayo. Wawaulize wazee wa mtaa maji yalikuwa yakipita wapi kabla ya nyumba kuongezeka. Kisha waandike kila kizuizi wanachokikuta, nyumba kwa nyumba.

Kizuizi kinacholeta taabu kubwa kuliko vyote ni kidaraja cha zege ambacho mwenye gari hukijenga juu ya mtaro mbele ya geti lake, akaweka chini yake bomba jembamba. Ili kuona uzito wa jambo hili, kumbuka kuwa milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 humwaga lita 5,000, na nyumba kumi za namna hiyo humwaga lita 50,000, bila ya kuhesabu maji ya barabarani. Bomba la inchi nne lililokwisha jaa mchanga nusu yake haliwezi kupitisha maji hayo, nayo yatarudi nyuma kwa jirani wa juu. Mwenye kidaraja asiendewe na kundi la watu, wala asitajwe kwa jina katika tangazo. Aende mzee mmoja anayeheshimika pamoja na sheha, wamwoneshe bomba lenyewe, na wamtake aweke vipande vya zege vinavyoweza kunyanyuliwa mtaro unaposafishwa. Mimi naamini wengi hukubali wanaposhauriwa kwa staha, na hukaidi wanapoaibishwa.

Tangazo la kazi liwe fupi, lisomwe baada ya sala ya Ijumaa na kutumwa katika kundi la simu la mtaa. Kwa mfano: “Jumamosi tarehe 17 Januari, saa moja asubuhi, tunazibua mtaro kuanzia barabara kuu hadi msikitini. Kila nyumba itoe mtu mmoja. Mwenye jembe, beleshi au toroli aje nalo. Nyumba isiyo na mtu wa kutoa ichangie shilingi 5,000 kwa mshika fedha, naye ataandika risiti.” Risiti hiyo ni muhimu mno, kwa sababu michango mingi ya mitaani hufa pale watu wanapoanza kuulizana fedha zimekwenda wapi.

Tope linalotolewa lisiachwe ukingoni mwa mtaro. Likilala hapo hadi mvua ya kwanza litarudi lote, kwa hivyo gari la ng'ombe au pikapu ikodiwe kwa siku hiyo hiyo ili tope na chupa za plastiki ziondoke kabla ya jioni. Wafanyao kazi wavae viatu vya mpira na glavu, kwani ndani ya mitaro mna vigae na maji ya vyooni.

Mtaro ukishapitika, kila mwenye nyumba ageukie kwake, na aanze na bati. Upepo wenye chumvi hulila bati kuanzia kwenye vichwa vya misumari, ambapo raba hukauka kwa jua na kupasuka. Anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari tu, kwani chini yake ndiko kwenye papi, yaani mbao zinazoshikilia bati. Akikanyaga katikati ya bati litabonyea na maji yatatuama. Msumari uliolegea utolewe, uwekwe mwengine mnene kidogo wenye raba mpya, na kutu ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu. Milizamu, yaani mifereji ya kukingia maji ya paa, isafishwe majani, kisha imwagiwe ndoo ya maji ili kuhakikisha kuwa maji yanakwenda kwenye tangi au mtaroni, si kwenye msingi wa ukuta.

Karo, yaani shimo la maji ya vyooni, lililokaribia kujaa livutwe kabla ya mvua, kwa kuwa udongo ukishalowa halinywi tena na uchafu hupanda juu. Umbali wa mita 30 kati ya karo na kisima unaotajwa mara kwa mara hautoshi kumtuliza mtu anayeishi juu ya mwamba wa matumbawe, kwani mwamba huo una mianya inayopitisha maji upesi bila ya kuyachuja. Maji ya kisima cha namna hiyo yachemshwe muda wote wa masika. Matangi yafunikwe, na vifuu, matairi na ndoo vipinduliwe kila wiki, kwa sababu mbu wa homa ya denge huweza kukua kutoka yai hadi kuruka katika muda wa siku saba hadi kumi.

Mwenye minazi karibu na nyumba amwite mkwezi aangushe nazi kavu na makuti yaliyokufa, ila tawi lililogusa waya wa umeme lisikatwe na mtu yeyote isipokuwa mafundi wa Shirika la Umeme.

Maji yakiingia ndani, swichi kuu izimwe kwanza, na iwapo swichi yenyewe imelowa au mtu atalazimika kusimama majini ili kuifikia, asiiguse.

Rangi ya kuta isipakwe haraka baada ya masika. Ukuta uliolowa hutoa chumvi na kuibandua rangi mpya, kwa hivyo uachwe ukauke hadi Julai au Agosti. Mwezi Juni kamati iitishe kikao cha pili, mshika fedha asome mapato na matumizi mbele ya wote, alama mpya za maji zilinganishwe na za mwaka uliopita, na fedha zilizobaki zitengwe kwa ajili ya kuzibua tena mtaro mwezi Septemba, kabla ya vuli.