Mbasa wa Ziwa Nyasa: namna ya kumtambua na kufuata maisha yake

Wageni wengi wanaofika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, humwita samaki huyu mbasa samoni. Umbo linafanana, na wote wawili hupanda mto kutaga. Lakini kwa ukoo wako mbali: mbasa (Opsaridium microlepis) ni ndugu wa usipa, samaki mdogo wa ziwa hili, na akikua humla usipa huyohuyo.

Hatua ya 1: Mtazame mgongoni. Samoni na ndugu yake trauti wana pezi la mgongo, halafu kipezi kingine kidogo cha nyama, kisicho na miiba, karibu na mkia. Mbasa hana hicho cha pili. Alama hii itakusaidia pia ukiletewa trauti, ambaye wakoloni walimpandikiza kwenye mito ya baridi huku nyanda za juu.

Hatua ya 2: Magamba na ukubwa. Mbasa anang'aa kama fedha, magamba yake ni madogo, mdomo mpana. Mkubwa hufikia kilo kadhaa. Yupo ndugu yake mdogo, Opsaridium microcephalum, mwenye magamba makubwa zaidi. Wakiwa wachanga wote wana mistari myeusi ya wima ubavuni, kwa hiyo usikate shauri kwa mistari peke yake.

Hatua ya 3: Fuata mto. Hapa ndipo penye uzito. Mvua zikijaza mito kama Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe, mbasa waliokomaa hutoka ziwani na kupanda mto. Wanatafuta maji ya kasi, safi, yenye changarawe chini. Mayai hukaa katikati ya vijiwe na kupata hewa kutoka kwenye maji yanayopita. Tope likishuka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni, huziba nafasi hizo na mayai hufa. Yakianguliwa, wachanga hukulia mtoni kwanza, kisha hushuka ziwani.

Samoni wa Bahari ya Pasifiki hutaga mara moja na kufa. Mbasa hurudi ziwani, na anaweza kutaga tena msimu mwingine. Ndiyo maana jike kubwa lina thamani kuliko bei yake sokoni, hasa sasa ambapo mbasa yumo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Hatua ya 4: Kagua kabla ya kutega. Maji yakipanda, usifunge mlango wa mto kwa nyavu kutoka ukingo hadi ukingo. Acha mkondo wa katikati wazi, usiku na mchana. Ukimkuta jike mwenye tumbo lililojaa na bado yu hai, mrudishe majini kichwa kikielekea juu ya mto, umshike taratibu mpaka aanze kuogelea mwenyewe.