Somo: Mtoto Ameanguka na Mkono Unashukiwa Kuvunjika

Msimu wa maembe watoto wengi huanguka mitini, na kwa kuwa anayeanguka hutanguliza kiganja, kishindo huishia kwenye kifundo cha mkono, kigasha au juu kidogo ya kiwiko.

Kwanza, mtazame kabla ya kumgusa. Mkono uliopinda hauhitaji mjadala. Ila mfupa wa mtoto ni laini, huweza kupasuka upande mmoja tu kama kijiti kibichi, mkono ukabaki umenyooka. Kwa hiyo, kuchezesha vidole si ushahidi kwamba yu mzima. Akiushikilia mkono huo kwa mwingine, akikataa kuutumia, au akilia unapobonyeza taratibu sehemu moja ya mfupa, mchukulie kuwa amevunjika hadi picha ya eksirei ioneshe vinginevyo.

Pili, mvue bangili na saa kabla uvimbe haujazibana. Penye jeraha, funika kwa kitambaa safi, na mfupa ukionekana usijaribu kuurudisha ndani.

Tatu, tuliza mkono kama ulivyoukuta, bila kuunyoosha. Gazeti nene lililokunjwa linatosha kuwa banzi, yaani kigumu cha kuushikilia mkono usisogee. Lianzie kwenye kiwiko hadi kiganjani, kisha mkono uning'inizwe shingoni kwa khanga. Kilichoumia kikiwa kiwiko chenyewe, usikikunje.

Nne, na hapa ndipo wengi huteleza, angalia vidole. Bonyeza ukucha hadi upauke, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Vidole vikiwa baridi, vyeupe au vyenye ganzi, legeza ulichofunga na uharakishe kufika hospitali. Asile wala asinywe kabla ya kuonwa, maana huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Maswali ya wanachama

*Mama mkwe anataka akandwe kwanza na mzee anayeunga mifupa. Nimjibuje?*

Mwambie kwa adabu, dada, kwamba kukanda huweza kusogeza vipande vya mfupa. Linalonitisha zaidi ni mabanzi yanayokazwa mno: damu huzuiwa, nyama hufa, na wapo watoto waliokatwa mkono kwa mfupa ambao ungepona kwa hogo tu, yaani plasta ngumu ya hospitali.

*Barafu inafaa?*

Inafaa, ikiwa imefungwa katika kitambaa, kwa dakika 15 hadi 20. Aspirini usimpe.

*Shikamoo mwalimu. Mwanangu alifungwa hogo jana, na usiku huu analia kuliko alipoumia. Kliniki yake ni Jumatatu.*

Marahaba. Msingoje Jumatatu. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, hasa yanayopanda makali vidole vikinyooshwa, huashiria kwamba uvimbe unabana misuli na mishipa ndani ya hogo, na saa chache zinatosha kuleta ulemavu. Mrudisheni hospitali usiku huu huu, mkono ukiwa usawa wa moyo, na mwombe hogo lipasuliwe au lilegezwe, vidole vikaguliwe papo hapo.