Jinsi ya Kuandika Habari za Waroma kwa Kiswahili

Katikati ya mwaka 2010, serikali ya Ufaransa ilipokuwa ikibomoa makambi ya Waroma, jamii ya wachache barani Ulaya, na kuwarejesha wakazi wake Romania na Bulgaria, nilikuwa zamu katika chumba cha habari ambacho sitakitaja, nami nikatafsiri taarifa nzima kwa neno "Waroma" bila kueleza ni akina nani. Haikupita nusu saa msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza, kwa heshima zote, kama hao ni wale wale walioandikiwa waraka na Mtume Paulo. Katika taarifa iliyofuata mwenzangu akasahihisha kwa kuandika "Waromania", na kosa likazidi kuwa kubwa, kwa sababu sasa tulikuwa tumelifukuza taifa zima.

Maelekezo haya ni kwa wafasiri, waandishi na wahariri wanaoleta habari za aina hiyo kwa wasomaji wa Kiswahili. Lugha nyingi za Ulaya zina maneno ya kuwadharau Waroma yaliyozoeleka kwa karne kadhaa, ilhali Kiswahili hakikurithi hata moja. Dharau yoyote itakayomfikia msomaji wetu itakuwa imepita mikononi mwa mfasiri, na hapo ndipo pa kuizuia.

Jambo la kwanza ni jina. Andika "Mroma" kwa mmoja, "Waroma" kwa wengi, na "Kiromani" kwa lugha yao, kisha mara ya kwanza uongeze maelezo mafupi: jamii yenye asili ya India iliyoishi Ulaya tangu zama za kati. Sentensi hiyo moja inamwondolea msomaji Warumi wa Biblia, raia wa Romania na hata mashabiki wa timu ya mpira ya Roma. Neno la Kiingereza "gypsy", yaani "jipsi", lilizaliwa kutokana na dhana potofu kwamba watu hawa walitoka Misri. Wanaisimu walianza kubainisha tangu karne ya 18 kwamba Kiromani ni ndugu wa Kihindi na Kipunjabi, na anayeishi Kariakoo au Mombasa jirani na Wahindi anaweza kulithibitisha mwenyewe, kwani maji kwa Kiromani ni "pani", na tano ni "pandž", karibu sawa na "panch" ya Kihindi. Hata hivyo usilipige marufuku jina la kale pale ambapo wenyewe wanalitumia. Nchini Uingereza na Hispania wapo wanaojiita hivyo kwa fahari, lakini Ujerumani neno "Zigeuner" ni tusi, na jina linalokubalika ni "Wasinti na Waroma", Wasinti wakiwa tawi mojawapo la jamii hii. Kanuni ni kufuata jina ambalo wahusika wa habari yako wanajiita.

Baada ya jina yanakuja maneno yanayolizunguka, na hapa Kiswahili kina mitego yake. "Wahamaji" humfanya msomaji awaze wafugaji na mifugo yao, na "wahamiaji" humfanya awaze watu waliovuka mpaka juzi, hali ukweli ni kwamba Waroma walio wengi wana makazi ya kudumu kwa vizazi vingi na ni raia wa nchi wanamoishi. Neno "wazururaji" ni baya zaidi, kwa kuwa masikioni mwetu linanuka karandinga la polisi. Epuka pia kuandika "Wacheki na Waroma" kana kwamba ni mataifa mawili yanayogombana. Mwaka 1999, katika mtaa wa Matiční mjini Ústí nad Labem, Jamhuri ya Czech, halmashauri ya mtaa ilijenga ukuta kati ya nyumba za wapangaji, wengi wao Waroma, na nyumba za majirani waliolalamikia kelele na takataka. Ukuta ulisimama Oktoba na kubomolewa Novemba, baada ya lawama kutoka ndani na nje ya nchi. Pande zote mbili zilikuwa raia wa nchi moja, wakazi wa mtaa mmoja, na habari inayosema "Wacheki wajitenga na Waroma" inakuwa imewavua upande mmoja uraia wao kabla msomaji hajafika aya ya pili. Sema "wakazi Waroma na majirani zao wasio Waroma". Ni ndefu, lakini ndiyo sahihi.

Mtego ulionishangaza kuliko yote ni "shule maalumu". Tarehe 13 Novemba 2007 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa hukumu katika shauri la watoto 18 wa Kiroma wa mji wa Ostrava, Jamhuri ya Czech, waliokuwa wamepelekwa katika shule zilizokusudiwa watoto wenye ulemavu wa akili. Takwimu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kwamba mtoto wa Kiroma mjini humo alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi ya mwenzake asiye Mroma wa kupelekwa huko, na mahakama ikaona kwamba walibaguliwa katika haki yao ya elimu. Sasa mwambie msomaji wa Tanzania kwamba watoto hawa walipelekwa "shule maalumu", naye anayezijua shule za vipaji maalumu za Ilboru na Mzumbe atadhani walipendelewa. Eleza shule ilikuwa ya nani, kwa mtaala gani uliopunguzwa, na mtoto aliyetoka humo alifungiwa milango ipi.

Kuhusu habari za uhalifu, jiulize kama asili ya mtuhumiwa inaeleza chochote. Mara nyingi haielezi, na inapobaki bila sababu inageuka kuwa shtaka dhidi ya jamii nzima. Oktoba 2013 polisi wa Ugiriki walimkuta msichana mdogo mwenye nywele za dhahabu katika makazi ya Waroma karibu na mji wa Farsala, akilelewa na watu wasiofanana naye. Vyombo vya habari vya dunia nzima vikaandika kwamba ameibwa, wakifufua hekaya ya kale ya Waroma wezi wa watoto. Siku chache baadaye polisi wa Ireland, wakichochewa na habari hiyo, waliwachukua watoto wawili weupe kutoka familia mbili za Kiroma, wakapimwa vinasaba na kurudishwa, kwa kuwa walikuwa wa wazazi wao hasa. Na yule wa Ugiriki? Vipimo vilionyesha kwamba wazazi wake ni Waroma wa Bulgaria. Sahihisho lilisomwa na wachache kuliko uvumi, kama kawaida yetu. Kwa hiyo, habari ya namna hii ikikufikia kutoka shirika la nje, neno "ameibwa" libaki ndani ya alama za kunukuu likiwa na jina la aliyelisema, au lisubiri.

Historia nayo isiachwe kwa kisingizio cha nafasi. Ukieleza umaskini wa Waroma wa Romania bila kutaja kwamba walikuwa watumwa wa mtawala, monasteri na mabwana wenye ardhi katika Moldavia na Wallachia, tawala zilizokuja kuungana kuwa Romania, hadi 1855 na 1856, umemwachia msomaji ahitimishe kwamba ni uvivu. Tumia neno "mtumwa" bila kulipunguza makali. Wasomaji wa Pwani, ambako utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, hawahitaji kufafanuliwa uzito wake. Vivyo hivyo mauaji ya Waroma yaliyofanywa na Wanazi yaitwe mauaji ya kimbari. Makadirio ya wanahistoria yanaanzia takriban watu 200,000 hadi 500,000, na Ujerumani Magharibi iliyatambua rasmi kuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982 tu, jambo linaloeleza kwa nini Waroma wengi hawaziamini ofisi za serikali hata zinapokuja na msaada. Weka katika shajara ya chumba cha habari tarehe 8 Aprili, kumbukumbu ya mkutano wa Waroma uliofanyika karibu na London mwaka 1971, na 2 Agosti, usiku wa 1944 ambao Waroma waliobaki katika sehemu yao ya kambi ya mauaji ya Wanazi, Auschwitz-Birkenau, waliuawa.

Mwisho, hakikisha kuna Mroma anayezungumza katika habari yako, na asiwe mpiga gitaa peke yake. Wapo mawakili, walimu na madiwani. Romani Rose ameongoza Baraza Kuu la Wasinti na Waroma wa Ujerumani tangu 1982. Kisha mpelekee mhariri wa kurasa maelezo mafupi kuhusu jina, kwa sababu kichwa cha habari kitaandikwa na mtu mwingine, saa za usiku, na mkono wake utavutwa kuelekea "Waromania".