Maji magumu ya Lubumbashi: namna ya kuyatumia nyumbani bila kupoteza sabuni na makala (makaa ya kupikia)

Katika maeneo mengi ya Lubumbashi, chini ya udongo mwekundu kuna miamba ya chokaa na dolomiti, na maji tunayovuta kutoka ardhini, yawe ya robine (bomba) au ya foraji ya parseli (kisima kirefu kilichochimbwa uani), hupita humo na kuyeyusha kalsiamu na magnesiamu kabla ya kutufikia. Hayo ndiyo maji magumu. Kuyanywa si hatari kwa sababu ya ugumu wake, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo chochote cha kiafya kwa jambo hili. Hasara yake iko kwenye sabuni, makala na vyombo. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mama au baba wa nyumba asihangaike kulainisha kila bidoni (dumu) inayoingia uani, bali aamue ni kazi ipi inayohitaji maji laini na ipi isiyoyahitaji.

Kwanza pima. Chukua chupa mbili safi zinazopitisha mwanga, moja utie maji ya robine na nyingine maji ya mvua, kila moja mpaka theluthi yake. Kwaruza sabuni ya mche, iyeyushe katika maji ya mvua kidogo, kisha tia idadi ileile ya matone katika kila chupa na uzitikise kwa nguvu. Maji ya mvua yatajaa povu. Maji magumu yatageuka kama maziwa na kubaki na utando juu. Usitumie sabuni ya unga katika jaribio hili, kwa kuwa imetengenezwa ili itoe povu hata katika maji magumu, na itakudanganya.

Birika ndipo ugumu unapoonekana wazi zaidi. Maji yakichemka, sehemu ya kalsiamu iliyoyeyuka hurudi kuwa chokaa na kuganda chini na pembeni, na moto hulazimika kupita kwanza kwenye ukoko huo kabla ya kuyafikia maji. Ukoko ukiwa bado mwembamba, tia siki na maji kwa kiasi sawa, au juisi ya ndimu kadhaa, pasha moto kidogo, kisha uache. Utaona vipovu vidogo vikipanda kutoka kwenye chokaa. Vikikoma huku ukoko ungali upo, ujue nguvu ya siki imekwisha, umwage na utie nyingine. Sufuria ya alumini usiiache na siki usiku kucha, maana asidi huila alumini yenyewe. Na kamwe usichanganye siki au ndimu na maji ya Javel (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Chembe nyeupe zinazoelea katika maji yaliyochemshwa ni chokaa hiyohiyo, haina madhara. Acha maji yatulie katika chombo chenye kifuniko, kisha mimina ya juu taratibu. Chai itakayopikwa kwa maji hayo haitakuwa na utando mzito juu yake.

Maharage yanastahili uangalifu mkubwa kuliko chakula kingine chochote, kwa kuwa ndiyo yanayomaliza makala. Kalsiamu hushikamana na kile kinachounganisha chembe za ganda, na ganda hukataa kulainika hata moto ukiwa mkali. Loweka maharage usiku kucha katika maji yaliyochemshwa na kutulizwa, kwa kijiko kimoja cha chakula cha chumvi katika kila lita 2. Sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya sehemu ya kalsiamu iliyo ndani ya ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, na upike kwa maji mengine yaliyotulizwa. Nyanya zingoje mpaka maharage yawe yameiva, kwani uchachu wake nao huchelewesha. Wengine hutia magadi, na ni kweli yanaharakisha, lakini yanaharibu vitamini B1 na yakizidi hubadilisha ladha. Mimi ningeyaweka kama njia ya mwisho, tena kwa chembe tu.

Katika kufua, sabuni ya mche hukutana na kalsiamu na kufanya utando wa kijivu usioyeyuka, unaojificha ndani ya nyuzi. Hiyo ndiyo sababu mashati meupe ya watoto wa shule hufifia yakawa ya kijivu na kukakamaa shingoni hata yakifuliwa kila jioni. Watu huongeza Javel, nayo haisaidii, kwa sababu tatizo si doa bali ni mabaki ya sabuni. Loweka shati nusu saa katika maji ya vuguvugu yenye vijiko vichache vya siki, suuza mpaka harufu ya siki iishe, na baada ya hapo tu ndipo ufue upya. Nywele zinazobaki na utando baada ya kuoshwa nazo husuuzwa vizuri kwa kijiko kimoja cha siki katika lita moja ya maji.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mbingu hutupa maji laini bure. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga inayofuata, uiweke kwa ajili ya kufua na kuoga. Ya kunywa ni habari nyingine, hasa katika jiji lenye viwanda vya madini: kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi metali nzito.

Kitambaa, chujio la udongo, klorini na shabu haviondoi ugumu, hata kama muuzaji anasema hivyo. Mashine inayouondoa kweli hutumia chembe maalumu zinazobadilisha kalsiamu kwa sodiamu na huhitaji kulishwa chumvi mara kwa mara. Mwenye shinikizo la damu amuulize daktari kabla ya kunywa maji yaliyopita katika mashine hiyo. Na betri ya gari au ya sola, ile inayoongezwa maji, ipewe maji yaliyotoneshwa tu, yaani yaliyoondolewa madini. Ya robine, hata yakichemshwa, huacha madini kwenye sahani zake na kuifupishia maisha.