Programu yako inashika maktaba ya toleo gani?

Kwenye Linux ukiwa na matoleo mawili ya maktaba moja, tuseme zlib (maktaba ya kubana data) ya mfumo na nyingine mpya uliyoiweka mwenyewe kwenye /opt/zlib, usidhani kumpa gcc -L/opt/zlib/lib, yaani kumwonyesha pa kutafuta maktaba, kumemaliza kazi. Hiyo -L hufanya kazi wakati wa kujenga tu. Programu ikianza kuendeshwa, kinachotafuta maktaba ni kipakiaji cha mfumo, nacho hakijui lolote kuhusu -L yako. Ndiyo maana programu hujengeka vizuri kabisa, halafu ikashika toleo la zamani kimyakimya.

Iandike njia ya maktaba ndani ya programu yenyewe kwa -Wl,-rpath:

gcc kuu.c -I/opt/zlib/include -L/opt/zlib/lib -Wl,-rpath,/opt/zlib/lib -lz -o kuu

Hiyo -I, inayoonyesha faili za .h (vichwa vya maktaba) zilipo, tafadhali usiiruke. Kuchanganya faili za .h za toleo moja na maktaba ya toleo jingine huzaa hitilafu ngumu mno kuzifuatilia, maana programu inaweza kuanguka mbali kabisa na chanzo cha tatizo.

Kisha hakikisha kwa ldd, inayoonyesha maktaba ambazo programu itapakia:

ldd ./kuu | grep libz

Soma njia iliyo kulia kwa mshale. Jina pekee halitoshi, kwani zlib 1.2 na 1.3 zote hujiita libz.so.1.

LD_LIBRARY_PATH, kigezo cha mazingira kinachokiambia kipakiaji pa kutafuta maktaba, inafaa kwa majaribio, lakini ukiiacha kwenye .bashrc inaweza kuvuruga programu nyingine. Na programu usiyoiamini usiipime kwa ldd, kwa sababu huenda ldd ikaiendesha. Tumia readelf -d, inayosoma faili bila kuiendesha.