Simu zilale ukumbini

Mimi ni fundi simu hapa Chake Chake. Kila mara huja mzazi na simu ya mtoto mkononi: "Fundi, hebu nitilie paswadi." Kutia ni kazi ya dakika moja, lakini mtoto wa miaka 12 huijua paswadi ya mama yake kwa kuutazama mkono tu. Kwa hiyo kwanza namwomba mzazi anipe simu yake mwenyewe. Naingia kwenye mipangilio, nafungua ukurasa wa betri, namwonesha kilichokula chaji tangu asubuhi: WhatsApp masaa manne, TikTok mawili. Wengi hunyamaza. Wewe nawe anza na ukurasa huo, wako kabla ya wa mwanao. Hawezi kukusikia unapomkataza kitu ambacho wewe hukiweki chini.

Hatua ninayoiamini kuliko zote ni ya chaja. Chagueni soketi moja ukumbini, iwe ndiyo pekee ya kuchajia. Tafuta waya wa matundu manne, uuweke juu ya kabati. Mkishasali isha, simu zote ziende pale, ya baba iwe ya mwanzo. Chaja zote zitoke vyumbani, hata ile ya akiba iliyofichwa chini ya mto. Simu ikilala na kijana, bando la usiku ni rahisi, na saa saba za usiku yeye ndiyo kwanza anaanza kuangalia. Mwanga wa kioo karibu na macho huchelewesha homoni ya usingizi, na asubuhi skuli anasinzia dawatini. Mwalimu atadhani ni mvivu.

Kwa wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora. Najua kinachowashinda kina mama ni chakula. Mtoto hafungui mdomo mpaka aone katuni. Mkalishe kwenye sinia pamoja na nduguze, wali na mchuzi mbele yake, na simu isiwepo chumbani hata ya mtu mwingine. Atalia, atagoma. Usimbembeleze kwa kioo siku hiyo wala kesho yake. Akiwaona wenzake wanakula, na njaa nayo imemshika, mkono utakwenda wenyewe.

Akiruhusiwa kuangalia, aangalie ukumbini, sauti wazi. Runinga ya rangi ilifika Zanzibar miaka ya 1970, Bara wakaipata miaka ya 1990, na watu walikaa wengi mbele ya kioo kimoja. Likitokea la aibu mtu mzima alikuwepo. Simu inatazamwa peke yake, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwenye YouTube zima kile kitufe kinachoanzisha video inayofuata. Kwenye Android fungua Digital Wellbeing, mwekee kila programu muda wake. Ukimalizika, inajifunga hadi kesho.

Alasiri baada ya chuo cha Kurani watoto wapewe kitu badala yake. Mpira wa nage, mdako, au kumtuma dukani. Ukimnyang'anya simu ukamwacha ameduwaa, atairudia.

Kazi za skuli zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp zisomwe kabla ya magharibi, mezani, nawe ukiwa karibu, zinakiliwe daftarini.

Utaniambia simu ndiyo inayokuamsha alfajiri. Iache ukumbini, sauti juu kabisa: ukenda kuizima umeshasimama, udhu uko hatua mbili. Na mwenye mgonjwa au mzee wa kumpigia usiku, anunue simu ya kitochi, aiweke chumbani kwa kupokea simu tu.