Risasi ya kwanza ya asubuhi

Hapa Arusha wapo wawindaji ambao ukiwakuta mezani kwa maongezi, kwa maneno yao wanaangusha swala mita 400. Uwanja wa shabaha huwaoni. Mimi nimebeba bunduki za watu miaka mingi kabla ya kumiliki yangu, raifo ya kuwindia ya kipimo cha .30-06, ya mkono wa pili, na nimejifunza jambo moja: mnyama anastahili risasi ya kwanza, ile inayotoka kwenye mtutu wa baridi. Ya nne, ukishapata moto, haimhusu.

Leseni sitaizungumzia sana. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 ipo, na kibali cha kuwinda ni jambo lake peke yake. Ila mahali pa kufanyia mazoezi nitapasemea. Tumia uwanja unaotambuliwa na polisi, wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha. Risasi ya raifo ikikosa tuta husafiri kilomita kadhaa, na porini kwetu hakuna mahali pasipo na mtoto anayechunga. Ukisikia kengele za mbuzi, fungua bolti, toa risasi, kaa chini unywe maji.

Anza mita 100, umekaa mezani, bunduki imelala juu ya mifuko ya mchanga. Piga tatu, acha mtutu upoe, kisha rekebisha darubini. Darubini nyingi za kuwindia, mkato mmoja wa kitufe cha kurekebishia husogeza risasi karibu milimita 7 kwa umbali huo. Tatu zikikaa pamoja katikati, sogea mita 200, halafu 300, bila kugusa darubini. Risasi yangu ya greni 180 (uzito wake, kama gramu 11.7) hushuka kama sentimita 11 kwenye 200, na kwenye 300 inafika karibu 40. Ona inavyoporomoka: mita mia za mwisho zinakula kuliko zote. Yako ipime mwenyewe, usiamini namba za kwenye boksi.

Sasa ondoka mezani. Porini hakuna meza, na hapa ndipo wengi wanapoumbuka. Chora duara la kisosi cha chai, kama sentimita 15. Moyo na mapafu ya swala pala havikupi nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Tembea haraka dakika kumi, rudi unahema, simamisha mikongojo mitatu ya kuegemezea bunduki, piga tano. Zote ziingie. Nne si tano. Umbali ambao zinaanza kutoka nje ndio ukuta wako, hata kama bunduki inaweza zaidi. Wangu kwa mikongojo ni mita 200. Nikilala kifudifudi na begi mbele, 270. Vijana hunicheka, sawa tu.

Ukuta huo niliuvuka siku moja Simanjiro, saa tisa alasiri, upepo wa pembeni, kongoni yuko karibu mita 300. Nilihesabu kushuka, upepo nikaupuuza. Risasi ikamwingia tumboni. Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia, tukampata kesho yake, fisi wametangulia. Baadaye uwanjani nikaelewa: upepo wa kilomita 16 kwa saa ukitoka ubavuni husogeza risasi yangu sentimita 2 tu kwenye mita 100, lakini kwenye 300 ni karibu 20. Kisosi kizima kimepitwa. Kwa hiyo usifanye mazoezi asubuhi iliyotulia tu. Nenda na alasiri, tazama nyasi zinalala upande gani, tazama mazigazi kwenye darubini yanakimbilia wapi, kisha piga uone.

Kuhusu kidole: vuta pumzi, itoe nusu, shika, bana kifyatulio taratibu kama unakamua chunusi. Ukipita sekunde nane hujafyatua, acha, anza upya. Kama bunduki inakuogopesha kwa teke lake, mwenzako akupakilie mara yenye risasi, mara tupu, bila kukuambia. Kwenye tupu utauona mtutu wako ukiinama wenyewe. Aibu yake inatibu.

Risasi ni ghali, kwa hiyo kazi kubwa ifanyie nyumbani. Kagua chemba mara mbili kwa jicho na kwa kidole, risasi zote zifungie chumba kingine, elekeza ukuta mnene. Weka sarafu juu ya mtutu ufyatue bila kuiangusha. Mara ishirini kila jioni zinatosha, mke wangu hatanii tena.

Na kila ukifika uwanjani, kabla ya lolote, bandika karatasi mpya na piga moja tu, kutoka kwenye mikongojo. Andika tarehe, saa, upepo na umbali, uiweke. Zangu zimebandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Ya juzi, mita 200, tundu liko nje ya duara kwa upana wa kidole.